Maswali ninayoulizwa kila siku kibandani: vitu vya zamani, vilikotoka na vilivyofika Moshi

Kibanda kipo Moshi mjini, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni. Mbele natengeneza simu. Nyuma yangu kuna rafu aliyoiacha baba, naye alikuwa fundi redio: redio mbili, pasi ya mkaa, taa ya chemli, karabai, kichwa cha cherehani, simu nyeusi ya kuzungusha namba na debe la bati lililoshika kutu. Mteja akikaa kwenye benchi kusubiri, macho yanapanda rafuni na maswali yanaanza. Wanafunzi nao huja na kazi zao za shule. Kujibu huku nimeshika chuma cha moto kumeniunguza vidole mara nyingi, basi nimeyaandika hapa yale yanayorudi rudi.

Dada, fundi yupo?

Ndiye mimi. Hili naulizwa kuliko yote, ndiyo maana nimelitanguliza. Karibu.

Hivi vya rafuni bei gani?

Haviuzwi. Ile pasi yenye jogoo mbele wengi wameitaka iwe pambo la sebuleni. Jogoo yule ana kazi: ndiye komeo la kifuniko, makaa yasimwagike kwenye shati. Pasi ya umeme ilipewa hataza, yaani hati ya haki ya mbunifu, Marekani mwaka 1882, kwa jina la Henry Seely. Nyumbani kwetu ya mkaa imestaafu juzi tu, na umeme ukikatika Jumapili jioni sare za watoto zikiwa zimekunjamana, jogoo hurudishwa kazini.

Mwalimu katuuliza nani aligundua redio, simu na umeme. Tupe majina.

Kwanza tutenganishe maneno, wanangu. Kugundua ni kukuta kitu kilichokuwepo. Kubuni ni kutengeneza kisichokuwepo. Umeme haukubuniwa na mtu: upo kwenye radi inayopiga Kibosho kila masika. Watu waligundua tabia zake, wengine wakabuni vyombo vya kuutumia. Neno kuvumbua, tunavyolitumia mitaani, linabeba maana zote mbili, ndiyo maana maswali ya mitihani yanachanganya.

Sasa majina. Redio: James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu, miaka ya 1860, kwamba mawimbi ya aina ile lazima yawepo. Heinrich Hertz akayazalisha kwa vyombo mwishoni mwa miaka ya 1880. Guglielmo Marconi akayatuma mbali zaidi na zaidi, hadi mwaka 1901 akatangaza kupokea ishara kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Jagadish Chandra Bose wa India, Popov wa Urusi na Nikola Tesla nao walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo miaka ileile. Simu: Alexander Graham Bell, 1876, lakini siku aliyopeleka maombi yake ya hataza, tarehe 14 Februari, Elisha Gray naye alipeleka karatasi zake ofisi ileile. Balbu: Thomas Edison, 1879, na Joseph Swan wa Uingereza naye ana haki ya kutajwa.

Andikeni hayo mpate maksi. Mimi nikitazama kitu chochote cha rafuni hujiuliza mengine mawili: kilichukua miaka mingapi kutoka mikononi mwa huyo bwana hadi jikoni kwa bibi, na kilipoharibika, nani alikifungua? Kwa nyumba ya Uru isiyo na nguzo ya umeme karibu, balbu ya 1879 ilikuwa bado haijabuniwa.

Kitu gani kimebadilisha maisha zaidi hapa Kilimanjaro? Simu, sivyo?

Vijana wote husema simu kabla sijafungua mdomo. Bibi yangu wa Old Moshi ukimuuliza atakwambia mashine ya kusaga, na mimi niko upande wake.

Fikiria alfajiri ya nyumba isiyo na mashine. Mahindi yanatwangwa kwenye kinu, ulezi wa pombe ya mbege unasagwa juu ya jiwe, magoti chini, mgongo umekunjwa. Ni kazi ya kila siku, na ni ya wanawake na wasichana peke yao. Rudolf Diesel alijaribu injini yake iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Ndoto za wakubwa wa viwanda zilikuwa meli na mitambo mikubwa, hakuna aliyekuwa anawaza unga. Lakini injini za dizeli za mwendo wa polepole, zile za Lister za Dursley, Uingereza, na baadaye nakala zake kutoka Rajkot, India, ziliangukia vizuri kwenye hali zetu. Zinazunguka kiasi cha mara 650 tu kwa dakika, zina vyuma vizito, zinavumilia dizeli chafu, na fundi mwenye spana tatu na akili anaweza kuzifungua zote mezani na kuzirudisha.

Mtu akisikia tuku-tuku-tuku ng'ambo ya korongo alijua mashine imewashwa, akajitwika gunia. Saa mbili za kinu zikawa dakika chache za mashine, ukiacha foleni. Na foleni yenyewe ikawa baraza la kina mama: bei ya kahawa, nani kaposwa, nani kamkimbia mumewe, vyote vilipitia pale. Mama yangu husema yeye alimaliza darasa la saba kwa sababu ya injini ile. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa kabla haijaletwa kijijini, hakumaliza.

Nafasi ya pili naipa dumu. Cheka tu. Kabla yake kulikuwa na mtungi wa udongo, mzito hata ukiwa mtupu, na ukijikwaa njiani umerudi nyumbani na mkono mtupu. Likaja debe, bati la mafuta ya taa la kiasi cha lita 18, lenye ncha za kuchoma kichwa hata juu ya kata. Debe limekufa kama chombo likabaki kama kipimo: hapo Mbuyuni mahindi yanauzwa kwa debe hadi leo, na watoto wengi hawajui kwamba neno lile lilianza likinuka mafuta ya taa. Plastiki ya poliethilini ilipatikana kwa bahati mwaka 1933, Northwich, Uingereza, wakemia wa kampuni ya ICI walipofungua chombo chao cha majaribio ya shinikizo wakakuta kitu cheupe kama nta. Aina ngumu zaidi, inayofaa madumu, ilitokana na kazi ya Karl Ziegler wa Ujerumani mwaka 1953. Dumu la lita 20 lina mfuniko, halivunjiki, na lilikuja kwetu bure baada ya mafuta ya kupikia kwisha. Likabadilisha hata mtekaji. Mtungi ulikaa kichwani mwa mwanamke. Dumu linafungwa nyuma ya baiskeli au kupangwa kwenye mkokoteni, na hapo ghafla wanaume wakaona kwamba kuteka maji ni kazi, tena ya kulipwa.

Plastiki hiyohiyo ndiyo ilitujazia mitaro mifuko, hadi serikali ikaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Dumu lilisalimika.

Ya tatu ni bati. Henry Robinson Palmer alichukua hataza ya mabati ya migongo huko London mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata njia ya kuyachovya kwenye zinki yasile kutu. Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa ya nyasi na majani ya migomba, na moshi wa kuni ulipenya juu taratibu huku ukifukuza wadudu. Bati halipitishi moshi, kwa hiyo jiko likahamia nje kwenye kibanda chake, na mama akahama nalo. Ng'ombe na mbuzi waliokuwa wakilala ndani pamoja na watu wakapata banda lao. Mvua ikinyesha darasani mwalimu hunyamaza, hasikiki. Lakini maji yaliyokuwa yakizama kwenye nyasi sasa yanashuka bombani hadi kwenye tangi, na ukitaka kujua thamani yake waulize watu wa tambarare ya chini wakati wa kiangazi.

Kabla ya Wazungu hapa hapakuwa na teknolojia, au siyo?

Siyo. Panda Marangu, Machame au Kibosho, tembea kando ya mashamba ya migomba uone mfongo. Wazee walikuwa wakienda juu kwenye korongo, wanaziba kijito kwa mawe na matawi, halafu wanachimba mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana: ukizidi, maji yanabomoa kingo, ukipungua, maji yanalala. Hawakuwa na chombo cha kupimia cha kununua. Palipokuwa na shimo la kuvuka walitanda magogo yaliyochimbwa katikati. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi wakaiandika kwa mshangao. Na sehemu ngumu ya mfongo ilikuwa sheria: ukoo upi umwagilie siku gani, kuanzia wakati gani, nani asipotokea siku ya kuzibua atozwe nini. Ndugu zetu Wapare huweka na bwawa la kukusanya maji usiku ili yatumike mchana, wao huliita ndiva.

Chuma nacho. Huko Ugweno, Pare Kaskazini, ukoo wa Washana walikuwa wakiyeyusha chuma na kukifua, na Wachagga walikuwa wateja wao. Ukienda upande wa Arusha, wilaya ya Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kuna Engaruka: kuta za mawe, mifereji na mashamba yaliyopangwa kwenye eneo la kiasi cha hekta 2,000, kazi ya wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakaondoka.

Nasema hivi kwa sababu wanafunzi huja wakidhani orodha inaanzia na treni.

Basi treni ililetaje mabadiliko?

Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, reli ikafika Moshi 1911. Miaka 18. Kabla ya hapo mzigo wa pwani ulikuja kichwani mwa mpagazi. Arusha waliisubiri hadi 1929, na watani zetu wa kule hawapendi kukumbushwa. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Waingereza walijenga kipande cha kutoka Voi kuja Kahe, hivyo mzigo wa Moshi ukapata na njia ya Mombasa.

Kilichobadilika kwanza ni kahawa. Mche wake uliletwa na wamisionari huko Kilema, lakini kahawa bila reli ni kichaka chenye maua mazuri. Pamoja na reli ikawa fedha: ada ya shule, mabati niliyoyataja, na chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Wengi wetu ni wajukuu wa gunia la kahawa, hata tusioipenda kunywa.

Treni ya abiria ilisimama kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Moshi Desemba 2019, kwa wakati wa watu kwenda nyumbani Krismasi. Nilipita stesheni siku zile. Wazee walikuja wakakaa kwenye benchi, hawana safari, wanaisikiliza tu ikipiga honi.

Redio zile mbili, bado zinaongea?

Ndogo inaongea. Kubwa inanguruma tu, lakini naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu redio ndiyo iliyonisomesha.

Ile kubwa ni ya valvu, vile vioo kama balbu ndogo ndani yake. Inakula umeme, inachukua dakika kupata moto, na nyumba isiyo na umeme ilihitaji betri kubwa nzito. Kwa hiyo redio za kwanza mjini zilikuwa za ofisi, misheni na wenye maduka. Desemba 1947, kwenye maabara ya Bell, Marekani, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipata transista: kipande kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kioo na bila joto. Mwaka 1954 ikauzwa redio ya kwanza ya transista, ya kutia mfukoni. Hapo ndipo redio ilipoweza kupanda mlima. Mawe manne ya betri yakatosha, na mkulima akaitundika kwenye mti wa kahawa akipalilia.

Dar es Salaam matangazo yalianza mwaka 1951. Baada ya uhuru Redio Tanzania ikawa ndiyo saa, ndiyo gazeti na ndiyo shule. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio moja, wanasikiliza somo la malaria, kuhara, maji na vyoo, kisha wanajadili na kwenda kuchimba. Walioshiriki nchi nzima walikuwa kiasi cha milioni 2. Baba alikuwa kijana, na kazi yake kwenye kikundi chao ilikuwa moja: redio isinyamaze siku ya kipindi. Ndivyo alivyoanza ufundi. Betri zikichoka alizianika juu ya bati mchana kutwa, kwa kuwa joto huziamsha kidogo, jioni zikapata pumzi ya nusu saa nyingine.

Kuna kitu kingine ambacho vitabuni hakipo. Mchagga huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake, hata akifia Mwanza. Kabla ya redio, habari ya msiba ilisafiri na mtu. Ndugu wa mbali walifika arobaini imepita. Matangazo ya vifo ya redioni yalibadilisha hilo. Watu waliacha kijiko mezani yanapoanza, wanahesabu majina na ukoo, na usiku huohuo mtu yuko kwenye basi. Ukiniuliza redio ilifanya nini Kilimanjaro, siwezi kuanza na muziki. Ilitufanya tuweze kuwahi kuzika.

Na umeme wenyewe?

Kwenye mto Kikuletwa kulijengwa kituo cha umeme wa maji miaka ya 1930, zaidi kidogo ya megawati 1. Mwishoni mwa miaka ya 1960 likaja bwawa la Nyumba ya Mungu, megawati 8. Linganisha na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Lakini mzee aliyechimba mfongo angekielewa Kikuletwa kwa kukitazama tu: umechepusha maji, umeyashusha kwa nguvu, yamefanya kazi, umeyarudisha mtoni.

Kwa maisha ya nyumbani, kilichotikisa sana baada ya balbu ni LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kuanzia miaka ya 1990. Zamani bili ilikuja mwisho wa mwezi na ugomvi wake. Sasa uniti zinahesabika ukutani, na kila mtoto anajua hita ya maji inazila kuliko televisheni. Nyumba za kupanga zenye mita moja zimeufanya ugomvi uwe wa kila siku, hilo sikatai.

Kwa nini bado mna chemli na kibatari?

Kwa sababu umeme unakatika. Taa ya mafuta yenye chimni ilianza kuenea kutoka miaka ya 1850, kazi ya Ignacy Łukasiewicz wa Poland ikiwa mojawapo ya mwanzo wake. Kiberiti cha kusugua ni cha John Walker, mfamasia wa Uingereza, 1826. Jina tumelipata kwa Waarabu, maana yake salfa. Na viberiti vya Kibo, vyenye mlima kwenye kisanduku, vilitengenezwa hapahapa Moshi.

Cherehani ina hadithi gani?

Nzuri. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata mashine ya kushona mwaka 1830, akaweka karakana Paris ya kushona sare za jeshi, na mafundi wa mkono wakaivamia wakazivunja, kwa hofu ya njaa. Elias Howe akapata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer yake 1851. Lakini kilichoitembeza dunia ni karatasi: kampuni ya Singer ilianza mwaka 1856 kuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Mwanamke asiyeweza kutoa bei yote kwa siku moja akaichukua nyumbani, ikajilipia yenyewe.

Tembea kwenye baraza za maduka hapa mjini uone: cherehani ya kanyagio, fundi wake, kiti cha mteja, basi. Hakuna pango kubwa, hakuna umeme. Jina lenyewe lina damu ya Kiajemi, charkh, gurudumu. Wale mafundi wa Paris waliogopa kumalizwa na mashine. Hapa mashine ndiyo iliyowazaa mafundi, kwa sababu ilikuja ndogo, ya mtu mmoja. Ingekuja kama kiwanda, hadithi ingekuwa nyingine. Mitumba ya soko la Memorial imewaumiza kuliko mashine yoyote, ingawa nao wamegeuza kibao: nusu ya kazi yao sasa ni kupunguza suruali za mitumba.

Ni kweli kompyuta zilipigwa marufuku Tanzania?

Ni kweli. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kuharibika na kuleta hasara. Zuio lililegezwa polepole miaka iliyofuata. Televisheni nazo Bara tulichelewa: Zanzibar walikuwa na kituo chao cha rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, sisi huku vituo vilianza mwaka 1994. Jirani yetu alikuwa na antena juu ya mti wa mgrevilea akiwinda matangazo ya Kenya. Upepo ukivuma, mtoto alipandishwa kuigeuza, wengine wanapiga kelele ndani: hapo, hapo, usiguse!

Intaneti ya kasi ililetwa na mkongo wa baharini, SEACOM, uliofika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake ulifungua barua pepe kwenye kafe, ukaenda kununua maandazi, ukarudi ukaikuta bado inafunguka.

Simu za mkononi, je? Wewe ndio mkate wako.

Ndio mkate wangu, kwa hiyo nitaisema kwa uangalifu. Martin Cooper alipiga simu ya kwanza ya mkononi New York tarehe 3 Aprili 1973. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Tanzania simu hizi zilifika katikati ya miaka ya 1990, kwa bei ya wenye magari. Zikaanza kuwa za watu vocha ndogo zilipokuja, na tukabuni matumizi yetu wenyewe. Kubip, kwa mfano. Bip moja: nimefika. Mbili: nipigie. Kampuni haikupata hata senti, lakini ujumbe ulifika.

Jambo lililopita yote ni pesa. Zamani kijana wa Dar aliyetaka kumtumia mama yake fedha alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, akaomba Mungu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaanza Tanzania mwaka 2008, na kwenye kila kona ya Moshi akazuka wakala na mwavuli wake. Inafanya kazi kwenye simu ya tochi ya kubonyeza, ndiyo siri yake. Bibi yangu hasomi vizuri, lakini ujumbe wa pesa anaujua kwa urefu wake.

Simu yangu iliingia maji. Niitie kwenye mchele?

Hapana. Mchele upike. Zima, usichaji, ilete haraka. Maji yenyewe si adui mkubwa; kinachoua bodi ni kutu inayoanza pale umeme na chumvi za maji zinapokutana, na mchele haufiki huko ndani. Ukichelewa siku 3 nitakupa pole tu.

Kuna Mtanzania aliyebuni kitu?

Wapo, na wa karibu. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo inayotupa meno ya kahawia, na ikizidi inapinda mifupa ya watoto. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotayarishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 likashinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000.

Halafu kuna Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Friza inajaa, akaogopa kukosa nafasi, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, naye hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa juu yetu. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini. Yeye hakubuni friza. Aliitazama vizuri kuliko wenye friza.

Vitu vya zamani vilikuwa imara kuliko vya sasa?

Nusu ya jibu ni kwamba vilivyokuwa dhaifu vilishatupwa, unaviona vilivyobaki tu. Nusu nyingine ni bisibisi. Redio ya baba ina skrubu 4 nyuma, na mchoro wa nyaya umebandikwa ndani ya kifuniko: mtengenezaji alijua kuna mtu kama baba atakayeifungua. Simu nyingi ninazoletewa leo zimefungwa kwa gundi, betri imegandishwa, na kipuri kimoja kikifa wanataka ununue kioo na bodi pamoja. Nazifungua hivyohivyo, kwa hewa ya moto na kipande cha kadi ya vocha.

Mfongo ukibomoka kila mtu wa ukoo alijua kuuziba. Lister ya kijijini ilikuwa na watu watatu wanaoijua hadi ndani ya bomba. Hii uliyonishikisha sasa hivi, ukoo mzima wangu na wako hakuna anayeweza kutengeneza hata kipande chake kimoja cha ndani. Tunajua kubadilisha tu. Hilo huwa linaninyima usingizi kidogo, halafu asubuhi wateja wanakuja.

Mnafungua saa ngapi? Na umeme ukikatika?

Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili hapana. Umeme ukikatika nipo vilevile. Chini ya meza kuna chuma cha kulehemu cha baba, kile cha shaba chenye mpini wa mti, kinachopashwa kwenye jiko la mkaa. Kwa bodi ya simu ni kinene mno, lakini waya wa chaja kinaushika vizuri.